Skrubu Imeliwa: Historia ya Bisibisi Ambayo Kila Mtu wa Isiolo Anafaa Kuijua

Kuna neno moja ambalo ukikaa kwa gereji yoyote hapa Isiolo kwa saa moja lazima utalisikia. Imeliwa. Skrubu imeliwa. Fundi anasukuma bisibisi, anakunja uso, bisibisi inazunguka peke yake kama iko harusini, na skrubu imetulia tuli. Halafu mwenye gari anaanza: "Fundi, umeniharibia gari!" Na hapo ndipo kelele inaanza.

Leo nataka kumtetea fundi. Si kwa huruma, ni kwa historia. Ukifuatilia vile hiyo skrubu ilifika hapo, utapata kwamba shida ilianza kitambo sana, mbali sana, na watu ambao hawakuwahi kusikia jina Isiolo. Na ukishaielewa hiyo historia, hutanunua tena bisibisi kama mtu anayenunua njugu barabarani.

Najua wengine mshaanza kusema, "Bisibisi? Kweli? Si ni chuma na mpini tu?" Tulieni. Twende polepole.

Sanduku la fundi ni kitabu cha historia

Anza na majina. Fungua sanduku la vifaa uone. Nyundo ni neno la Kibantu, la zamani kabisa. Watu wa Afrika Mashariki walikuwa wakifua chuma karne nyingi kabla ya meli ya Ulaya kuonekana Mombasa. Msumari umetoka kwa Waarabu. Spana na jeki tumetoa kwa Mwingereza. Na skrubu? Kwenye Kiswahili cha kamusi inaitwa parafujo, na hilo neno ni la Kireno, parafuso. Wareno walifika pwani yetu 1498, wakaanza kujenga Fort Jesus 1593, wakafurushwa 1698. Walipoondoka wakatuachia meza, bendera, gereza na parafujo.

Kwa hivyo fundi akinyoosha mkono na kusema "nipe nyundo, nipe msumari, nipe spana," amepitia miaka elfu moja ya historia ya Afrika Mashariki kwa sentensi moja. Na hakuna mtu anampa cheti.

Lakini hata kabla ya parafujo, pwani ilikuwa na akili yake kuhusu jinsi ya kuunganisha vitu. Kulikuwa na chombo kinaitwa mtepe, jahazi la Lamu na visiwa vyake, ambalo mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi. Hakuna msumari. Ubao ukioza unafungua kamba, unatoa ubao, unaweka mwingine, unashona tena. Kumbuka hilo wazo kwa sababu ndilo msingi wa kila kitu nitakachosema: kitu kinachofunguka ndicho kinachotengenezeka. Msumari ukishaupiga, umemaliza. Skrubu inakaza kama msumari lakini inafunguka kama kamba ya mtepe. Mradi uwe na bisibisi inayoingia. Hapo kwa "mradi" ndipo vita iko.

Bisibisi ilizaliwa pamoja na bunduki

Mwishoni mwa miaka ya 1990, gazeti la New York Times lilimwomba mwandishi mmoja wa mambo ya ujenzi, Witold Rybczynski, aandike kuhusu kifaa bora zaidi cha miaka elfu moja iliyopita. Jamaa akatafuta, akaona vifaa vingi ni vya kale sana, Warumi walikuwa navyo tayari. Mke wake ndiye akamtajia bisibisi. Akachimba hadi akatoa kitabu kizima mwaka 2000, kinaitwa One Good Turn. Alichopata ni kwamba alama za kwanza za bisibisi zinatoka Ulaya, karne ya 15, kwenye michoro ya kitabu kilichohifadhiwa ngome ya Wolfegg, Ujerumani. Na kazi ya skrubu wakati huo? Kushikilia vipande vya deraya za mashujaa wa farasi na baadaye sehemu za bunduki za kwanza. Kwa sababu gani? Bunduki ikipiga inatikisika, na msumari unalegea. Skrubu inashikilia.

Weka hiyo pembeni: skrubu ilikuja kupambana na mtikisiko. Tutaihitaji tukifika barabara ya Moyale.

Kwa miaka mia tatu hivi skrubu zilikuwa za kutengenezwa kwa mkono, moja moja, kwa tupa. Ghali. Hakuna mbili zilizofanana. Ukipoteza moja, huwezi kuokota nyingine mahali popote ukatarajia itaingia. Karibu mwaka 1800, Mwingereza Henry Maudslay akaunda mashine ya kukata nyuzi za skrubu kwa usahihi, na mwanafunzi wake wa karakana, Joseph Whitworth, mwaka 1841 akapendekeza kipimo kimoja kwa Uingereza nzima: pembe ya uzi iwe digrii 55. Poa. Lakini mwaka 1864 Mmarekani William Sellers akaja na yake: digrii 60. Hapo ulimwengu ukawa na skrubu mbili zinazofanana kwa macho lakini haziingiliani.

Mnaona hiyo tabia? Kila nchi kubwa inataka kipimo chake. Vita ya pili ya dunia ilipofika, Waingereza na Wamarekani walikuwa upande mmoja lakini nati za huyu haziingii kwa bolti za yule. Mwaka 1948 ndipo Marekani, Uingereza na Kanada wakakubaliana kipimo kimoja. Vita imeisha, ndio wanakubaliana kuhusu skrubu.

Mchuuzi aliyejikata mkono

Hadi hapo bado tunazungumzia skrubu ya flati, ile yenye mfereji mmoja. Flati ni rahisi kutengeneza lakini inateleza. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 kulikuwa na mchuuzi Mkanada, Peter Robertson, kazi yake ni kuuza vifaa kwa kuonyesha watu barabarani na kwenye maonyesho. Yaani, mtu wa kujituma kama wale wanaouza vitu kwa mikrofoni pale stendi. Siku moja akionyesha bisibisi, ikateleza ikamkata mkono. Akaenda akafikiria, na mwaka 1908 akatoa skrubu yenye shimo la mraba. Bisibisi inaingia inakaa tuli, haitelezi, unaweza kufunga kwa mkono mmoja.

Henry Ford akaipenda. Gari lake la Model T lilitumia mamia ya skrubu za Robertson, na Ford akaona anaokoa muda kwa kila gari. Lakini inasimuliwa kwamba Ford alitaka kudhibiti utengenezaji wake na Robertson akakataa. Alishaumwa na biashara ya aina hiyo Uingereza. Basi skrubu nzuri ikabaki hasa Kanada. Mpaka leo ukienda Kanada utaikuta kila mahali. Huku kwetu wengi hawajaiona.

Iliyokuja kushinda ni staa. Mwaka 1936 Mmarekani Henry Phillips, aliyekuwa amenunua wazo la John Thompson na kuliboresha, akapata hataza, na General Motors wakaanza kuitumia kwenye Cadillac. Sifa yake kubwa ilikuwa moja: kwenye mstari wa kiwanda, ncha inajipeleka yenyewe katikati ya skrubu. Mfanyakazi haangalii mara mbili. Lakini kuta za huo msalaba zimeinama, kwa hivyo ukikaza sana bisibisi inapanda, inatoka nje. Watu bado wanabishana kama hilo lilikusudiwa toka mwanzo au la. Vyovyote vile, matokeo ni yale yale.

Sasa fikiria. Staa iliundwa ili iwe rahisi kufungwa mara ya kwanza, kiwandani, na mashine, ikiwa mpya na safi. Haikuundwa kufunguliwa miaka kumi na tano baadaye, ikiwa na kutu, vumbi na matope, na kijana wa miaka kumi na tisa aliyepiga goti kwenye jua la Isiolo. Anayefunga hulipwa na kiwanda. Anayefungua ni sisi.

Isiolo, mahali lami iliishia

Tuje nyumbani. Isiolo haikuwa mji wa mafundi kwa bahati tu. Wakati wa mkoloni huu mji ulikuwa mlango wa ile iliyoitwa Northern Frontier District, eneo lililofungwa ambalo huwezi kuingia wala kutoka bila kibali. Mwaka 1940 Italia ikaingia vitani, na Julai mwaka huo Moyale ikaangukia mikononi mwao. Malori ya jeshi yakaanza kupita hapa kwenda kaskazini. Jeshi la mkoloni lilikuwa na kikosi cha usafirishaji, East African Army Service Corps, kilichofundisha maelfu ya Waafrika kuendesha na kutengeneza magari. Vita ilipoisha hao watu walirudi nyumbani na ujuzi mikononi.

Upande mwingine wa nchi, ujuzi ulipitia njia nyingine. Mafundi wa Kihindi, wengi wao Makalasinga, walikuwa na karakana tangu enzi za reli, na Waafrika waliingia kama vibarua wakatoka kama mafundi. Mtafiti Kenneth King aliufuatilia huo mnyororo kwenye kitabu chake The African Artisan cha 1977: kijana anajifunza kwa kuangalia, anaondoka, anafungua yake chini ya mti, anafundisha mwingine. Huo ndio uti wa mgongo wa jua kali. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu Kenya ambayo ndiyo ilifanya dunia ianze kuongea kwa heshima kidogo kuhusu kazi za aina hii. Kabla ya hapo askari wa jiji walikuwa wanazibomoa tu. Sawa, hata baada ya hapo.

Sasa kwa nini Isiolo? Kwa sababu kwa miaka mingi lami iliishia hapa. Ukitoka Nairobi unateleza vizuri mpaka Isiolo, halafu mbele yako ni karibu kilomita 500 za changarawe, mawe na vumbi: Archer's Post, Merille, Laisamis, Marsabit, Turbi, Moyale. Ongeza kwamba baada ya uhuru kaskazini iliwekwa chini ya hali ya hatari tangu Desemba 1963 hadi 1991. Spea zinafika kwa kuchelewa au hazifiki. Lori likirudi kutoka juu, limelegea kila kitu. Dashibodi inapiga makofi. Taa moja inaangalia Meru, nyingine inaangalia Garissa.

Na kuna sababu ya kisayansi. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwamba kinacholegeza bolti zaidi ni mtikisiko wa kando, ule wa kuisogeza huku na huku, kuliko ule wa kuivuta moja kwa moja. Sasa ile barabara yenye mawimbi kama bati, saa kumi na mbili mfululizo, si ndiyo maabara ya Junker yenyewe? Kila lori lilipoingia Isiolo lilihitaji kukazwa upya kutoka bampa mpaka bampa. Huo ndio mtaji uliojenga gereji za mji huu. Kazi ya lami ilianza mwaka 2007 kuelekea Merille, na kufikia katikati ya miaka ya 2010 unaweza kusema safari ya Moyale ni safari ya kawaida. Lakini ukienda Merti, Garbatulla ndani au Kom, bado mtikisiko uko pale pale.

Staa si moja

Hapa ndipo nataka msikilize vizuri, kwa sababu hili jambo lingeokoa pesa nyingi sana hapa mtaani.

Magari ya kwanza kwenye hizi barabara yalikuwa ya Kiingereza. Land Rover, Bedford. Nati za vipimo vya Mwingereza, skrubu nyingi za flati. Fundi alijifunza hayo. Halafu Wajapani wakaja: Isuzu, Toyota, Datsun, Honda. Kuanzia miaka ya 1990 soko lilipofunguliwa, magari ya mitumba kutoka Japani yakamiminika Mombasa. Leo simama pale barabarani uhesabu: Probox, Hilux ya miraa, Land Cruiser, Canter. Japani, Japani, Japani.

Na Japani, kama Waingereza na Wamarekani kabla yao, wana kipimo chao. Tangu 1949 wana viwango vyao vya taifa vinavyojulikana kwa herufi tatu: JIS. Skrubu yao ya msalaba inafanana na ya Phillips kama mapacha. Ukiangalia kwa macho huoni tofauti. Lakini kona za ndani na ncha hazilingani. Ukiweka bisibisi ya Phillips ndani ya skrubu ya JIS, haifiki chini kabisa. Imekaa juu juu. Ukikaza, inapanda, inakwangua kuta, na skrubu imeliwa. Ndiyo maana zile skrubu za diski ya breki kwenye Honda zimewatoa mafundi machozi dunia nzima, si hapa tu. Ndiyo maana skrubu za kabureta ya pikipiki ya Kijapani zinakataa. Bisibisi ya JIS kwa upande wake huingia kwenye Phillips bila shida kubwa. Kwa hivyo ukilazimika kuwa na moja, unajua ni ipi.

Dalili? Skrubu nyingi za JIS, si zote, zina kidoti kidogo kando ya msalaba. Kitone tu, kama kimechomwa na sindano. Umekiona mara mia bila kujua kinakwambia nini.

Na kuna pacha wa tatu: Pozidriv, maarufu kwenye fanicha na skrubu za mbao za Ulaya. Hiyo ukiangalia, kati ya mikono minne ya msalaba kuna vistari vinne vidogo, kama jua. Ina bisibisi yake, imeandikwa PZ. Ya Phillips imeandikwa PH.

Sasa niwaambie kwa nini hili linaniuma. Namjua kijana mmoja, mwanafunzi wa gereji, aliyekatwa malipo ya wiki nzima kwa sababu skrubu ya mteja ililika mikononi mwake. Bisibisi aliyopewa ilikuwa ya seti ya bei rahisi, Phillips, ncha imeshachakaa. Gari ilikuwa ya Kijapani. Hata angekuwa na mikono ya malaika ile skrubu ingeliwa. Lakini kwa sababu hakuna aliyejua kuieleza, lawama ikamfuata yule aliyeshika mpini. Aliitwa mzembe mbele ya watu, na yeye mwenyewe akaamini kwamba hana mkono wa kazi. Mtu anaacha ufundi kwa sababu ya milimita ambazo ziliamuliwa Tokyo na Oregon kabla babu yake hajazaliwa.

Mimi niliacha chuo, hilo mnalijua, na watu huniuliza kama nashindwa kulala kwa ajili ya masomo. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba tumegawanya nchi: upande mmoja watu wenye maelezo bila mikono, upande mwingine watu wenye mikono ambao wamenyimwa maelezo. Fundi wetu anajua *kwamba* inateleza. Haki yake ni kujua *kwa nini*.

Basi ununue gani?

Sasa matumizi. Wewe uko na chumba chako cha kupanga, labda una pikipiki, labda mzee ana Probox. Unaenda dukani, unaona seti ya vipande thelathini na kitu ndani ya plastiki inayong'aa, bei ya sahani mbili za pilau. Usiiguse. Seti kama hiyo ni bisibisi moja mbaya iliyogawanywa mara thelathini. Hizo pesa ongeza kidogo ununue tatu za maana.

Ya kwanza, staa ya PH2, au ya JIS ya namba 2 kama kazi yako ni gari na pikipiki za Japani. Namba 2 ndiyo inayotumika kuliko zote. Ya pili, staa ya namba 1, kwa vitu vidogo kama redio, rimoti, soketi. Ya tatu, flati ya upana wa milimita 5 au 6. Ukianza kutengeneza fanicha, ongeza PZ2. Ukianza kufungua gari zito, ongeza namba 3. Nunua moja moja, vile kazi inavyokuja.

Unaijuaje nzuri? Kwanza ncha. Ingia dukani na skrubu yako mfukoni. Weka bisibisi kwenye skrubu: ikae bila kucheza, ifike chini, na ukishika skrubu ubavu bisibisi isilegelege. Flati ijaze mfereji wote kwa upana na unene. Ncha iwe na kona kali, safi, si mviringo kama imepakwa rangi mara tatu. Sumaku si dalili ya ubora. Hata chuma kibaya kinaweza kuwekwa sumaku.

Pili, chuma. Utaona imeandikwa Cr-V, yaani chuma kilichochanganywa na kromiamu na vanadiamu, au S2, chuma kigumu cha kustahimili mapigo. Vanadiamu ina historia yake. Iligunduliwa Meksiko 1801, na Ford aliipigia debe sana kwenye Model T. Lakini maandishi ni maandishi tu, mtu yeyote anaweza kuyachapa. Siri iko kwenye moto. Wahunzi wa Kisamburu huko kwetu kaskazini wanajua kwamba chuma ni tabia, si sura tu. Unakipasha moto, unakitosa, kinakuwa kigumu. Ukiachia hapo kitakatika kama kioo, kwa hivyo unakipasha tena kwa moto mdogo kipate ustahimilivu. Kiwanda cha bei rahisi kinaruka hatua. Ukishanunua, jaribu ncha na tupa: ikiwa tupa inang'ata kwa urahisi kama inakula sabuni, hicho ni chuma laini na hakitamaliza mwezi. Ikiteleza au ikang'ata kwa shida, umepata.

Tatu, mpini. Mpini mnene unakupa nguvu zaidi ya kuzungusha kuliko mwembamba, hiyo ni hesabu ya kawaida ya nguvu mara umbali. Ukamate na mkono wenye jasho. Unateleza? Rudisha. Angalia pale chuma kinapoingia kwenye mpini. Kama kuna pembe sita za kushikwa na spana, hiyo ni faida kwa skrubu sugu. Na kama utakuwa unaigonga na nyundo, tafuta ile ambayo chuma kimepita mpini mzima hadi nyuma. Zingine zitapasuka.

Nne, na hii ni ya uhai: umeme. Stima yetu ni volti 240. Bisibisi ya umeme iwe na alama ya 1000 V na ngozi ya plastiki mpaka karibu na ncha, na hata hivyo zima swichi kubwa kwanza. Ile testa ndogo ya taa, wengi mnaitumia kama bisibisi ya kila kitu. Acheni. Ile inafanya kazi kwa kupitisha umeme kidogo sana kupitia kwako, na kilicho katikati ya wewe na stima ni kizuizi kidogo ndani ya mpini. Ukiikunja kwa kukazia skrubu, ukaipasua, hujui tena ndani kumebaki nini. Na taa yake isipowaka si ushahidi kwamba waya hauna moto.

Tano, mkono wenyewe. Vumbi la huku linajaa ndani ya msalaba na kufanya bisibisi isifike chini. Chokonoa kwanza na sindano au msumari mwembamba. Weka tone la mafuta, subiri. Gonga kichwa cha skrubu kidogo kwa nyundo uamshe kutu. Halafu sukuma kwa nguvu zaidi ya unavyozungusha. Wengi tunazungusha tu, ndiyo maana zinaliwa.

Neno kwa wenye magari, na kwa sisi vijana

Kama una gari, nunua bisibisi moja ya JIS uiweke kwenye dashibodi. Ukienda kwa fundi wako, mpe aitumie. Usimpe kama mtu anayemfundisha mzee kazi, mwambie tu, "Fundi, jaribu na hii." Ataielewa kwa sekunde tatu, kwa sababu mkono wake ulishajua kitambo kwamba kuna kitu hakiko sawa. Na skrubu ikiliwa, kabla hujapandisha sauti, angalia ncha ya kifaa chake. Uliza ni nani aliyemnunulia.

Kama una gereji, kumkata mwanafunzi malipo kwa skrubu iliyoliwa na kifaa ulichompa wewe si nidhamu. Ni kumlipisha kijana deni la kiwanda. 

Na sisi vijana, tujifunze kusoma vitu. Simu yako, pikipiki yako, kiti ulichokalia, vyote vimeshikiliwa na maamuzi ya watu waliobishana kuhusu pembe na mashimo. Mwenye mtepe hakuogopa chombo chake kwa sababu alijua kamba inaanzia wapi. Nasi tukijua, vitu vyetu vitafunguka, na kikifunguka kitatengenezeka, na kikitengenezeka pesa inabaki Isiolo.

Kwa hivyo kesho ukipita dukani, usiseme "nipe screwdriver ya staa." Sema: "Hii ni PH, PZ ama JIS?" Mwenye duka akikucheka, mwonyeshe kile kidoti.